Nyumba Zilizoanguka Pichani

Siku niliyoambiwa kwamba nyumba ya baba yangu inaanguka, nilikuwa nimekaa ndani yake nikinywa chai. Nilisikia brashi ikikwaruza ukuta wa nje. Nikatoka na kikombe mkononi, nikamkuta mwanamume mwenye kopo la rangi amekwisha kuchora msalaba mwekundu karibu na mlango wetu, mkubwa kiasi cha kuonekana hata ng'ambo ya reli. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma achafue kuta za watu.

"Mi niko wa rangi tu, mama," alisema. "Uliza ule madame."

Madame mwenyewe alikuwa Tatiana Lukusa, mkuu wa ofisi ya kuhamisha watu ya Kampuni. Kolwezi ina kampuni za kutosha, lakini kila mtaa una moja inayoukaba koo, na hiyo ndiyo mtaa unaiita Kampuni bila kuitaja jina. Ya kwetu ilichimba shimo lake nyuma ya kilima, na mwaka hadi mwaka shimo lilikuwa likisogea upande wetu. Madame Tatiana alikuwa mtu wa sauti ya taratibu. Sikuwahi kumsikia akifoka, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Mama Mwamini, ni ju ya usalama wenu," aliniambia. "Manyumba ya hii avenyi yote iko nalala. Muangalie mwenyewe."

Alinigeuzia kioo cha tableti yake. Nikaiona nyumba yetu. Kuta zake za pembeni zilikuwa zimekaribiana juu, paa limekuwa dogo, na nyumba nzima imelala chali kama mlevi aliyekosa pa kuegemea. Iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata, hadi mwisho wa avenyi, barabara yetu. Mtu ambaye hajawahi kufika kwetu angezitazama picha zile akauliza watu hawa wanapata wapi ujasiri wa kulala humo.

Mimi sikuuliza. Mimi ni mpiga picha. Nina studio karibu na soko. Napiga harusi, napiga mahafali, lakini mkate wangu hasa ni majengo. Hoteli, maghala, maduka, makanisa mapya: kila anayejenga Kolwezi anataka kuonyesha alichojenga. Kwa hiyo nilijua papo hapo ni kitu gani kilichoanguka. Ilikuwa picha, si nyumba.

Avenyi Lufira iko juu ya mwinuko. Nyumba ziko upande mmoja tu, kila moja imekaa juu ya msingi mrefu wa mawe, na chini yake inapita reli iendayo Lubudi. Aliyetumwa na Kampuni alisimama chini ya ngazi za kila nyumba, karibu kabisa, akainua simu yake iangalie juu ili paa lisikatike. Ukiilaza kamera nyuma namna hiyo, mistari yote iliyosimama wima inakaribiana kule juu, na jengo lililonyooka linaonekana limelala chali. Kila aliyewahi kupiga mnara wa kanisa kwa simu anatembea na jengo linaloanguka mfukoni mwake. Hakuna aliyewahi kuita zimamoto.

"Madame, foto njo iko naanguka," nilimwambia. "Si nyumba."

Alitabasamu. "Foto haidanganye, mama. Mwenyewe munaishi na foto." Akaenda zake nyumba ya pili.

Foto haidanganye. Maneno hayo yalienea avenyi nzima upesi kuliko ile rangi. Na wote tulijua kilichokuwa kikitafutwa. Kwetu ukichimba choo unakutana na mawe ya kijani. Shaba iko chini ya vitanda vyetu, na siku hizi hata udongo mweusi wa kobalti ambao babu zetu waliutupa una bei yake huko ulimwenguni. Kampuni ilihitaji sababu tu ya kutuondoa juu yake.

Lakini nisiisingizie Kampuni peke yake. Walionikasirisha zaidi ni sisi wenyewe. Tata Ntambwe, fundi mwashi aliyejenga nusu ya kuta zile kwa mikono yake, aliitazama nyumba yake kwenye picha, akaitazama nyumba yenyewe, akarudi kwenye picha. Kesho yake asubuhi nilimkuta akiegemeza magogo kwenye ukuta usio na kosa lolote.

"Tata Ntambwe, uko nafanya nini?"

"Nyumba iko nalala, Mwamini. Niliona ku foto."

"Na timazi yako? Haukupima?"

"Nilipima." Alikuna kichwa. "Timazi inasema iko sawa. Mais timazi ni kamba na kachuma tu. Foto ni foto."

Nilitaka kumpiga kwa gogo lake mwenyewe. Fundi anaikana timazi iliyomlisha maisha yake yote kwa sababu ya picha ya simu! Mke wake alikwisha kutoa vitanda nje, na jirani wa pili akaanza kutoa vyake. Siku hizi huhitaji bunduki kumtoa mtu kwake. Unamwonyesha picha ya kwake hadi aiogope, halafu unamletea kalamu asaini. Wawili watatu walikuwa tayari wanaulizana mahali pa kusainia.

Aliyetuokoa siku ile ni Mama Agnès Kabemba, mwenye nyumba ya mwisho, ile iliyo upande wa shimo. Mjane wa mchimbaji, mkubwa wa kina mama wa parokia, mwanamke ambaye hata padri humwomba ruhusa ya kurefusha mahubiri. Alipita mlango hadi mlango na kitenge chake kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Alipofika kwa Tata Ntambwe aling'oa magogo yote, akayabeba kwake, akayapasua kuni.

"Ntambwe, we unajengea batu manyumba, na unaogopa foto?" alisema, na sauti yake ilifika hadi relini. "Hatutoke! Hakuna mutu wa kusaini hapa. Hatutoke!"

Halafu akanigeukia mimi.

"Na we wa mafoto, unajua tu kukasirika? Bo ba Kampuni baliangusha manyumba na foto. We uisimamishe na foto."

Nilikuwa na kitu cha kuzisimamisha nacho. Ni lenzi niliyoinunua Lubumbashi kwa msanifu majengo aliyekuwa anafunga ofisi yake. Nzito, nene, haijui kulenga yenyewe. Lazima uizungushe kwa mkono kama wazee walivyofanya. Baba yangu Nasoro, aliyeendesha malori njia ya Sandoa hadi magoti yalipomkataa, alipoiona mara ya kwanza aliniuliza kama waliniuzia iliyovunjika. Ina skrubu pembeni, na ukiizungusha, kioo chote kinateleza na kutoka mahali pake. "Inatoka mu njia," alisema baba, akitikisa kichwa kama anayetazama gurudumu lililolegea.

Kumbe hiyo ndiyo kazi yake. Unaisimamisha kamera sawasawa, haiangalii juu wala chini. Kisha unazungusha skrubu, na lenzi peke yake inapanda. Paa linaingia pichani bila kamera kuinua kidevu, na kwa kuwa kamera haikuinama, kuta hazikaribiani. Kilichosimama kinabaki kimesimama. Na kilicholala, kinalala kwa kosa lake mwenyewe. Wenzangu wanaiita lenzi ya kuteleza. Mimi naiita lenzi isiyoinama, na sioni haya kusema kwamba naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Tulishuka relini asubuhi, jua likiwa bado linapiga kuta za mbele. Mama Agnès alibeba mwamvuli wa kunikingia kioo cha lenzi. Tata Ntambwe alikuja na pimamaji yake, akasema amekuja kuangalia tu. Nilitaka picha moja ya avenyi nzima, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, ili mtu asije akasema tulichagua nzuri tukaficha mbovu. Hapo palikuwa na kazi. Ukisimama mahali pamoja ukageuza kamera kushoto na kulia, avenyi iliyonyooka inapinda katikati kama ndizi. Lenzi yangu inaweza kuteleza kushoto na kulia badala ya kugeuka, na hivyo ndivyo ninavyopiga kumbi za hoteli, vipande vinashikana bila mshono. Lakini avenyi yetu ilikuwa ndefu kuliko mtelezo wa lenzi yoyote.

Kwa hiyo niliamua kutembea. Reli ilinipa mstari. Mbele ya kila nyumba niliweka miguu miwili ya stendi kwenye mataruma, ikigusa chuma cha reli, umbali ukawa ule ule, kamera ikatazama kuta uso kwa uso. Tata Ntambwe aliweka pimamaji yake juu ya kamera bila kuombwa, akasubiri povu litulie katikati, akanipa ishara. Nami nikaipandisha lenzi kwa kiasi kile kile, nikapiga, tukahamia nyumba nyingine. Treni ya mizigo ilipita mara moja. Tulikimbia na kila kitu mikononi, na Mama Agnès akaitukana treni hadi behewa la mwisho.

Studio niliviunganisha vipande. Kuta za mbele za avenyi yetu ziko mstari mmoja, kwa hiyo zilishikana vizuri. Nyaya za umeme na miti ya nyuma vilikatikakatika hapa na pale, nikaviacha vilivyo. Polepole avenyi yote ilijitandaza kwenye kioo. Zilisimama! Nyumba yetu imesimama, ya Tata Ntambwe imesimama, milango imenyooka, madirisha yana pembe zake, na misalaba ile myekundu imeonekana upuuzi mtupu. Nilipiga meza kwa furaha hadi mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akashtuka. Halafu nikafika nyumba ya mwisho.

Nyumba ya Mama Agnès ilikuwa inalala.

Haikulala chali kama kwenye picha za Kampuni. Ililala ubavu, kuelekea shimoni, na nafasi kati yake na nyumba ya jirani ilikuwa nyembamba chini na pana juu. Nilisema labda nilikosea pimamaji. Nikarudi relini peke yangu, nikaiweka kamera tena, nikapiga tena. Ikalala vile vile. Kila siku baruti za Kampuni zilikuwa zinatikisa kilima, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikitangulia kuzipokea. Siku hiyo niliichukia lenzi yangu. Ningeweza kuitupa relini treni iikanyage.

Baba na Tata Ntambwe walikuja studio kuona picha, nami nikawaonyesha.

"Si unaweza kuinyosha mu ordinateur?" baba aliuliza.

"Naweza, baba."

"Basi nyosha. Ni mama Agnès, mwanangu. Bila yeye tungekuwa tumeshasaini."

"Ao uikate," alisema Tata Ntambwe. "Avenyi ianzie kwa Kabemba... apana, iishie kwa jirani yake. Nani atajua?"

Walipoondoka nilishika kipanya cha kompyuta. Nilivuta kona ya ukuta kidogo tu, na nyumba ikasimama. Ilikuwa rahisi kuliko kufuta chunusi ya bibi harusi. Nilikaa nikaitazama, na nikaogopa jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikusikia Mama Agnès akiingia hadi alipokuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Ile ni ya kwangu?"

"Ni ya kwako, mama."

Aliinama karibu na kioo.

"Uliinyosha."

Nilitoa mkono kwenye kipanya.

"Irudishe," alisema.

Nikairudisha. Ukuta ukalala tena mbele yake, na nilishindwa kumtazama usoni. Yeye alivuta kiti akaketi.

"Mi najua nyumba yangu, Mwamini. Tangu mvua ya mwaka jana mulango haufunge. Wakipiga baruti, masahani inashuka yenyewe ku étagère. Nilikuwa naegemeza jiwe ku mulango na nanyamaza. Kama mi nasema ya kwangu iko nalala, nani angekubali kubakia?"

"Tukiionyesha vile, mama, bataiangusha."

"Na ukiinyosha, foto yote inakuwa bongo." Bongo kwetu ni uongo, na Mama Agnès alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu. "Bongo moja tu, Mwamini. Bataikamata ile moja, na bote tunatoka."

"Tata Ntambwe anasema niikate. Avenyi iishie kwa jirani."

Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Na mi niko wapi? Siko mutu wa hii avenyi? Nilizalia batoto mule. Nilitolea bwana yangu mule, mu sanduku. Weka nyumba yangu vile iko. Ilale mbele yabo."

Picha ilichapwa kwenye turubai na watu wanaochapa mabango ya sherehe za makanisa, ikajaza ukuta mzima wa ukumbi wa komini, manispaa yetu. Watu wa avenyi walipoingia walikwenda kwanza kutafuta kila mtu nyumba yake, wakaigusa kwa vidole. Mke wa Tata Ntambwe aliigusa ya kwake, akamgeukia mumewe, akamtazama kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Mkuu wa komini, bourgmestre tata Nkongolo, mtu mnene asiyependa kelele, alikuwa ameita pande zote mbili ili aamue, naye alikaa katikati. Madame Tatiana alisimama mbele ya turubai na mikono nyuma, akaitembea yote taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Ni foto ya muzuri sana," alisema. "Félicitations, mama Mwamini. Mais siku hizi ordinateur inanyosha kila kitu. Nani hapa anaweza kutuhakikishia kama mama Mwamini hakunyosha bukuta?"

Lilikuwa swali zuri, lazima nikubali. Nilikuwa na majibu ya ufundi mdomo tele: skrubu, pimamaji, umbali wa reli. Lakini nilipowatazama watu wetu niliona woga umewarudia. Kwao sasa ilikuwa picha dhidi ya picha, na wenye Kampuni siku zote wana picha kubwa zaidi. Kabla sijafungua mdomo, Mama Agnès alisimama.

"Bourgmestre, ile ya mwisho kule ni ya kwangu. Iko nalala. Kila mutu anaona?"

Ukumbi ulinung'unika kwamba unaona.

"Mi njo nilikataza batu kusaini. Mi njo nilishikia huyu mutoto mwamvuli ku reli. Sasa muniambie. Kama Mwamini iko na ordinateur ya kunyosha manyumba, angeanza kunyosha ya nani?"

Kisha mtu mmoja nyuma alicheka, mwingine akadakia, na kicheko kikaenda ukumbi mzima hadi tata Nkongolo akafuta mdomo wake kwa kitambaa. Madame Tatiana hakucheka. Mama Agnès alikuwa bado amesimama.

"Alinilaza mbele ya batu bote, ju ni kweli. Na ya kweli ingine: baruti yenu njo ilinilaza."

"Twende tuone," alisema tata Nkongolo.

Tulikwenda wote, ukumbi mzima, kwa miguu. Tata Ntambwe alitoa timazi mfukoni, naye safari hii hakukuna kichwa. Aliitundika kwenye kona ya kila nyumba, na kila mara kamba ilishuka sambamba na ukuta bila kuukimbia wala kuukumbatia. Madame Tatiana alitazama kila kamba na hakubisha hata mara moja. Nilidhani alijua tangu mwanzo, na bado nadhani hivyo. Kwa kila nyumba tata Nkongolo alisema msalaba ufutwe, na watu wakapiga vigelegele, hadi tulipofika nyumba ya mwisho. Pale timazi ilining'inia mbali na ukuta kiasi cha kiganja cha mkono. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Uamuzi ulitoka papo hapo. Avenyi inabaki. Nyumba ya Mama Agnès ni hatari kwa watu, kwa hiyo itaangushwa, na Kampuni italeta mashine yake wiki ijayo.

"Na fasi ikibakia bule," aliongeza Madame Tatiana kwa sauti yake ile ya taratibu, "inarudia ku concession. Ni sheria."

Watu walikuwa wanapeana mikono, wengi hawakumsikia. Mimi nilimsikia. Kiwanja kitupu mwisho wa avenyi, kimerudi kwenye eneo la uchimbaji, na Kampuni ndani yake na seng'enge yake. Mwaka unaofuata baruti zingepigwa hatua chache kutoka ukuta wa jirani, na ukuta huo nao ungelala kweli. Mama Agnès alikuwa amekaa kwenye ngazi zake. Nilikwenda nikakaa kando yake. Nilitaka kulia. Nilimwambia pole, maana sikuwa na neno lingine.

"Pole ya nini?" alisema. Alikuwa anamtafuta mtu kwa macho. "Ntambwe! Simenti unapatia wapi?"

Pigo la kwanza alilipiga yeye mwenyewe. Kwanza tulitoa vyombo, kisha mabati, kisha fremu za madirisha, na kila kitu kikawekwa kwetu sebuleni hadi baba akakosa pa kunyoosha miguu. Halafu Mama Agnès alishika nyundo kubwa, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba aliyolelea watoto, akaupiga bila kusema lolote. Alipiga mara kadhaa. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta wala hakuacha kupiga. Baadaye vijana na wanaume walimpokea nyundo, na ukuta ule uliokuwa umechoka ukashuka wenyewe.

Avenyi nzima ilikuja. Kina mama wa parokia walikuja na mabeseni. Baba yangu hana magoti lakini ana mikono. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akakwangua saruji ya zamani kwenye matofali, moja baada ya moja, akiyapanga kando yake. Tata Ntambwe alichora msingi mpya ndani ya kiwanja kile kile, umesogea mbali na upande wa shimo, akauchimba kwenda chini hadi akaridhika, na alikuwa mgumu kuridhika. Kamera niliiacha nyumbani. Nilibeba mchanga hadi mabega yakawaka moto, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwenye harusi yoyote.

Mashine ya Kampuni ilipokuja, kubwa, ya njano, ikitambaa na kelele zake kandokando ya mwinuko, haikukuta nyumba ya kuangusha. Ilikuta msingi, na juu yake ukuta mpya umezunguka pande zote, haujafika hata goti. Mama Agnès alikuwa katikati, mikono imejaa simenti, mwiko mkononi. Dereva alizima injini, akamgeukia Madame Tatiana aliyekuwa ameshuka kwenye gari nyuma yake. Sisi wengine tulisimama pale tulipokuwa, kila mtu na alichokishika.

"Nani aliwapa ruhusa ya kujenga?" aliuliza Madame Tatiana.

"Mulisema nyumba iangushwe," alijibu Mama Agnès. "Ilianguka. Fasi haiko bule."

Madame Tatiana alitazama ukuta ule mfupi. Aliinua kiatu chake ili auvuke, aingie waongee.

"Madame." Mama Agnès alimnyooshea mwiko. "Kule ni ukuta. Mulango uko hapa."

Alikuwa anaonyesha pengo kati ya matofali, ambapo fremu ilikuwa bado haijawekwa. Kiatu cha Madame Tatiana kilibaki hewani kidogo, kisha kikarudi chini. Alimtazama dereva, na dereva akaangalia pembeni. Alitutazama sisi. Hakuna aliyesogea. Akauzunguka ukuta, polepole, hadi kwenye pengo lile, akasimama nje yake. Angeweza kuingia. Hapakuwa na ubao wala pazia la kumzuia.

"Hodi," alisema.

Mama Agnès aliokota tofali, akalipaka simenti, akaliweka juu ya mstari, akaligonga kwa mpini wa mwiko hadi likatulia. Kisha akaokota lingine. Hakumwambia karibu.